Nimekuwa NP, lakini zamu za usiku zinanilipa karibu sawasawa

Dada, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, naishi Houston na mume wangu na watoto wawili. Wodini nina miaka tisa, na sita ya mwisho yote nimefanya zamu ya usiku. Mwaka huu nimemaliza shahada ya uzamili ya uuguzi wa utabibu, upande wa afya ya familia. Mtihani wa bodi nimeufanya mara moja nikapita. Kwa hiyo sasa ni NP (nurse practitioner), wale wanaoruhusiwa kupima mgonjwa, kutaja ugonjwa na kuandika dawa. Leseni ninayo. Kazi ndiyo imenitia mawazo.

Nyumbani walifurahi kupita kiasi. Kwenye kikundi cha ukoo kaka yangu aliandika "hongera daktari". Nikamsahihisha, hakutaka kusikia. Mama naye akaniuliza taratibu kama sasa ile nyumba tutaimalizia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasoma kwenye takwimu za serikali kwamba NP hapa Marekani analipwa dola 126,000 na ushee kwa mwaka, hivyo nilijibu "Mungu akipenda" nikiwa na uhakika moyoni.

Baada ya maombi kumi na tisa nimepata barua moja ya ajira, kutoka kliniki binafsi ya huduma ya msingi. Mshahara ni dola 108,000. Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku, wagonjwa 22 kila siku nikifika mwezi wa nne wa kazi. Hakuna bonasi. Likizo siku kumi kwa mwaka, na ugonjwa unahesabiwa humo humo. Bima ya makosa ya kitabibu wanalipa wao, ila kuna aya inasema nikiondoka "mkia" ni juu yangu, sikuielewa. Nikiacha kazi siruhusiwi kufanya kazi kama hiyo ndani ya maili 15 kwa miaka miwili.

Usiku ule nilikaa na bahasha ya benki nikapiga hesabu mgongoni mwake. Wodini nalipwa dola 41 kwa saa na nyongeza ya usiku dola 5. Nafanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki, na mara mbili kwa mwezi naongeza moja ya ovataimu. Mwaka jana fomu ya W-2, ile ya mapato ya mwaka kutoka kwa mwajiri, ilisoma dola 103,700 na ushee. Tofauti na hiyo kliniki ni dola kama 4,200 kwa mwaka! Mkopo wa shule ni dola 58,000, na rejesho lake peke yake litapita dola 670 kwa mwezi. Yaani nimesoma miaka mitatu, nimekosa mahafali ya mwanangu ya chekechea, ili nipungukiwe.

Mume wangu anasema nikubali, uzoefu utaleta pesa. Rafiki niliyesoma naye yuko California, ananiambia anapata zaidi ya dola 165,000 na ananishangaa. Mwingine ananihimiza nirudi shule nichukue cheti cha afya ya akili. Na kuna siku natamani nibaki na usiku wangu, niache kelele. Meneja wa kliniki anataka jibu kabla ya wiki mbili kwisha.

Wananionea, au ndivyo kazi hii ilivyo?

Muuguzi wa Usiku, Houston

*

Marahaba, mdogo wangu. Na hongera, naona katika barua yote hakuna aliyekupa hongera bila kukuomba kitu.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo. Hesabu ya bahasha yako ni sahihi ila haijafika mwisho, maana umelinganisha mwaka kwa mwaka. Linganisha saa kwa saa. Zamu tatu kwa wiki ni saa 1,872 kwa mwaka. Ukiongeza zile zamu 24 za ziada zinakuwa 2,160. Gawanya pato lako: kila saa uliyokuwa macho usiku ilikuletea dola 48.

Sasa njoo kliniki. Saa 40 kwa wiki ni 2,080 kwa mwaka, kila moja dola 51 na senti 92. Inapendeza, sivyo? Lakini wagonjwa 22 kwa siku ya saa nane ni dakika 21 kila mmoja na ushee, bila kula wala kwenda msalani, na ndani ya dakika hizo umsikilize, umpime, umwandikie dawa na umweleze. Maelezo ya kwenye kompyuta utayaandika saa ngapi? Utayaandika mezani kwako, watoto wakishalala. NP mpya kupoteza saa mbili kila jioni kwa ajili hiyo ni jambo la kawaida kabisa, na majibu ya maabara na maombi ya kuongezewa dawa sijayahesabu. Weka saa hizo kumi za wiki kwenye hesabu: mwaka unakuwa na saa 2,600, na kila moja ni dola 41 na senti 54. Hapo umeshuka chini hata ya dola 46 unazolipwa usiku bila ovataimu.

Hili ndilo linalowapiga wauguzi wengi wanaovuka. Ukiwa RN, yaani muuguzi wa wodini kama ulivyo sasa, unauza saa: ukipitisha 40 kwa wiki, sheria inadai ulipwe moja na nusu. Ukiwa NP wa mshahara wa mwezi, kwa kawaida sheria hiyo haikuhusu tena. Mwajiri amenunua kazi mpaka iishe, itaisha saa ngapi ni shauri yako.

Kuhusu zile dola 126,000. Idara ya takwimu za kazi ilitoa 126,260 kwa Mei 2023, na mwaka uliofuata ikapanda hadi 129,210. Ni namba za kweli. Ila ni namba ya katikati: nusu wako juu yake na nusu wako chini, wa miaka ishirini wamechanganywa na wa wiki mbili. Kwa mwaka huo wa 2023, mmoja katika kila kumi alikuwa chini ya dola 95,000, na mmoja katika kumi alikuwa juu ya 168,000. Kwa mgeni wa kazi, tena Texas, tena huduma ya msingi, tena mji mkubwa, 108,000 haiko nje ya mstari. Wanachokuonea kipo, lakini kiko kwenye aya za chini za barua ile. Nitafika huko.

Kwanza nataka uone pesa inakotoka, kwa sababu hakuna aliyetufundisha shuleni. Walitufundisha figo, wakatufundisha moyo. Namna mgonjwa mmoja anavyogeuka kuwa mshahara, kimya.

Mshahara wako haupimwi kwa miaka uliyosoma. Ni kipande cha kile bima inacholipa kliniki kwa kila mgonjwa unayemwona. Na bima kubwa ya serikali ya wazee, Medicare, tangu 1998 inamlipa NP asilimia 85 ya kile ambacho daktari angelipwa kwa kazi ile ile. Kampuni nyingi binafsi huiga. Koo lile lile, dawa ile ile: daktari akiletewa dola 100, wewe unaletewa 85. Kuna mlango wa pembeni ambapo kazi yako inadaiwa kwa jina la daktari ikalipwa mia kamili, ila una masharti yake, likiwemo la daktari kuwa amemwanzishia mgonjwa matibabu na kuwa tayari kukusimamia wakati huo huo. Ukisikia kliniki inadai kila mgonjwa wako kwa jina la daktari anayekuja mara moja kwa mwezi, kimbia. Hiyo ni kesi inayongoja siku yake.

Sasa tuchukue mfano mwepesi. Tuseme kila mgonjwa wako analeta wastani wa dola 85. Ishirini kwa siku, siku tano, wiki 46 za kazi: ni wagonjwa 4,600, na dola 391,000. Humo unatoka mshahara wako, mchango wa kodi wanaotoa kwa ajili yako, bima, msaidizi anayepima presha, dada wa mapokezi, pango, programu ya mafaili, na faida ya mwenye kliniki. Si pesa ya kumtajirisha mtu usiku mmoja, kwa hiyo usiende pale na hasira ya kudhulumiwa laki tatu. Lakini angalia hili: kutoka wagonjwa 20 hadi 22 kwa siku, kwa hesabu hiyo hiyo, ni dola 39,100 zaidi kwa mwaka. Pango halikupanda kwa wagonjwa hao wawili, wala dada wa mapokezi hakuongezewa. Na barua yako inasema hakuna bonasi. Hapo ndipo pa kuweka kidole ukikaa na meneja.

Kitu cha pili kinachokula kipande chako ni sheria ya jimbo. Kazi hii ilianza Colorado mwaka 1965, Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walipofungua mafunzo ya kwanza kwenye chuo kikuu cha huko, na tangu hapo kila jimbo limejiamulia NP aachiwe kamba ndefu kiasi gani. Zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu afanye kazi kwa leseni yake mwenyewe. Vuka mpaka uingie New Mexico, uko huru. Texas hapana: ili uandike dawa lazima uwe na makubaliano ya maandishi na daktari, na daktari mmoja anaweza kuwasimamia watu mpaka saba. Wengi wa madaktari hao wanalipwa kila mwezi kwa saini hiyo, na pesa inatoka kwenye mapato ya wagonjwa wako hata kama wewe huioni bili. Zaidi ya pesa, sheria hiyo inakunyang'anya kauli. NP wa New Mexico akichoshwa na mwajiri anaweza kufungua chumba chake mwenyewe. Wewe ukichoshwa, unatafuta kwanza daktari wa kukusainia. Mwajiri analijua hilo anapokuandikia 108,000. (Hospitali za maveterani zina ahueni humo ndani. Tangu mwisho wa 2016 serikali kuu iliwapa NP wake mamlaka kamili hata wakiwa kwenye majimbo yenye kamba fupi, ingawa dawa kali zinazodhibitiwa bado zinafuata sheria ya jimbo. Angalia nafasi zao.)

Cha tatu ni wingi wetu. Karibu NP saba katika kila kumi wana cheti cha afya ya familia kama chako. Shule za mtandaoni zinamwaga wahitimu, na wote wanataka kukaa mjini penye shule nzuri za watoto. Maombi 19 kwa barua moja: soko limeshakuambia lenyewe. Unaona kwa nini rafiki yako anakusukuma kwenye afya ya akili. Hana makosa. Madaktari wa akili ni wachache, wagonjwa wanangoja miezi, kazi kubwa inafanyika kwa video, na NP wa upande huo kwa kawaida anatuacha wa familia mbali kidogo. Ila ni cheti kingine, saa nyingine za mafunzo, mkopo mwingine juu ya ule wa 58,000. Jiulize hivi: ukimaliza kumsikiliza mtu anayetaka kujiua saa tatu asubuhi, utakuwa na moyo wa kumsikiliza mwingine saa tatu na nusu? Nawajua waliokwenda huko kwa ajili ya pesa. Wamedumu mwaka na nusu. Nawajua pia waliokuwa wamezaliwa kwa kazi hiyo, na hao pesa imewafuata. Wewe hukuniambia hata neno moja kama unaipenda, kwa hiyo jibu langu kwa sasa ni subiri.

Na usije ukashawishiwa kwamba shahada ya udaktari wa uuguzi itakupandisha. Kwa kazi ya kumwona mgonjwa, bima hailipi senti zaidi kwa sababu ya herufi zilizofuata jina lako.

Rafiki yako wa California hakudanganyi. Mei 2023 wastani wa NP huko ulikuwa zaidi ya dola 170,000, wa kwanza nchi nzima, wakati Tennessee imekaa mkiani miaka mingi. Lakini muulize RN wa wodini anapata ngapi pale pale. Wastani wao ulikuwa zaidi ya 130,000. Mshahara wa NP unakaa juu ya bega la mshahara wa RN: penye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu na sheria ya idadi ya wagonjwa kwa muuguzi, kama California tangu 2004, RN yuko juu na NP lazima apandishwe, la sivyo hakuna atakayevuka. Halafu muulize kodi ya nyumba, na kodi ya mapato ya jimbo, ambayo wewe Texas hulipi. Ukishamsikiliza yote, angalia watoto wako wako darasa la ngapi. Mimi nilihama jimbo kwa ajili ya mshahara. Ulipanda dola 31,000 na nyumba ikapungua vyumba viwili.

Kuna njia moja ambayo hukuitaja, nami ningeitafuta kabla ya kurudi shule au kuhama pwani. Kliniki za vijijini zilizosajiliwa chini ya sheria ya 1977 hazilipwi na Medicare kwa ile 85. Zinalipwa kiwango kimoja kwa kila mgonjwa aliyeonwa, awe ameonwa na daktari au na wewe. Tena sheria hiyo hiyo inazitaka ziwe na NP au mwenzake wa ngazi hiyo angalau nusu ya muda zinapokuwa wazi. Yaani pale hawakufanyii hisani kukuajiri. Saa moja na robo ya kuendesha kutoka Houston unaanza kuzikuta. Na kama umeshachukua uraia, tafuta sehemu inayotambuliwa kuwa na upungufu wa watoa huduma, maana mfuko wa serikali wa National Health Service Corps unawalipia watu wa huduma ya msingi mkopo wa shule, hadi dola 75,000 kwa ahadi ya miaka miwili, na pesa hiyo haikatwi kodi. Mkopo wako wote unaingia humo. Hata mshahara ukiwa ule ule 108,000, ni kama umeongezewa 29,000 kila mwaka kwa miaka miwili. Ukivunja ahadi lakini, adhabu yake inauma vibaya. Usisaini kama mume wako ana mpango wa kuhamishwa kazi.

Sasa barua yenyewe.

Anza na mkia. Bima ya makosa ya kitabibu ni za aina mbili. Moja inahesabu siku tukio lilipotokea: ukiwa ndani siku hiyo umelindwa, hata mgonjwa akishtaki baada ya miaka mitatu. Nyingine inakulinda tu kama dai limeletwa ukiwa bado umo ndani yake. Ukiondoka, wagonjwa wote uliowaona wanabaki nyuma bila kifuniko, na kifuniko hicho cha kununua baadaye ndicho wanachokiita mkia. Mimi kliniki yangu ya kwanza nilisaini bila kusoma. Nilipotaka kuondoka nikaletewa bili ya dola elfu tano na mia kadhaa, na nikakaa miezi saba zaidi mahali nilipopachukia, nikiiwekea akiba kidogo kidogo. Kwa hiyo omba moja kati ya mawili: wabadili aina ya bima, au mkia walipe wao.

Halafu maili 15 kwa miaka miwili. Chora duara hilo kwenye ramani kutoka kliniki ilipo uone linavyomeza Houston. Bunge la Texas lilipitisha sheria inayogusa wauguzi, kwa mikataba iliyoandikwa au kuhuishwa kuanzia Septemba 1, 2025: eneo lisizidi maili 5, muda usizidi mwaka mmoja, na lazima kuwe na kiasi cha kujinunua, yaani cha kulipa ili katazo likuondokee, kisichozidi mshahara wako wa mwaka. Kama barua yako ni ya baada ya tarehe hiyo, aya hiyo inakwenda kinyume, na meneja huenda anatumia karatasi ya zamani bila kujua. Mpelekee mwanasheria wa mikataba ya kazi aisome. Dola mia chache za kumlipa zisikutie uchungu. Ni zamu moja ya usiku.

Kisha saa. Hapa najua wengi wangekuambia dai 120,000. Dai, haidhuru, utasikia wanachosema. Ila kama wako tayari kukupa kitu kimoja tu, usichukue dola elfu tano. Chukua saa moja kila siku, ndani ya zile nane, isiyopangiwa mgonjwa, ya kuandika mafaili. Saa hiyo ikishuka kutoka jioni zako, wiki yako inakuwa 45 badala ya 50, na dola 108,000 hizo hizo zinakuwa 46 na senti 15 kwa saa. Unarudi mahali ulipo usiku, ila sasa unalala kitandani kwako. Elfu tano juu ya saa 2,600 haifiki hata dola mbili kwa saa.

Idadi ya wagonjwa nayo ipandishwe polepole: 12 mwezi wa kwanza wa kazi, 16 ukifika wa nne, 18 au 20 ukifika mwaka. Na waandike kwamba kila mgonjwa juu ya 18 kwa siku anahesabiwa kwenye bonasi, kwa kiwango kilichotajwa kwa dola. Waajiri wakubwa wanatumia vipimo vya kazi wanavyoviita RVU, kila aina ya ziara ina uzito wake. Kliniki ndogo kama hiyo kichwa kwa kichwa kinatosha. Siku kumi za likizo pamoja na ugonjwa ni aibu yao, wewe una watoto wawili, omba ishirini. Ada ya leseni ya DEA ya kuandika dawa zinazodhibitiwa, dola 888 kwa miaka mitatu, hiyo wengi hulipa bila ubishi ukiitaja tu. Na wakikuambia "tutakuajiri kwa 1099 tukupe 115,000", yaani kama mtu aliyejiajiri, kataa papo hapo. Kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 itakuwa yako yote badala ya nusu, bima ya afya yako, likizo hakuna. Hiyo 115 ni ndogo kuliko 108.

Kuhusu kubaki na usiku: sikucheki. RN mwenye miaka tisa, Texas, na ovataimu anayoichagua mwenyewe, si kazi ya kuonea haya, na usikubali mtu yeyote wa kikundi cha ukoo akufanye ujione umefeli. Lakini ujuzi wa NP mpya unachacha. Ukikaa mwaka mzima baada ya bodi bila kuugusa, waajiri wanaanza kuuliza ulikuwa wapi. Mimi ningefanya hivi: ningempigia meneja Jumatatu, si kumwandikia, nimwambie, "Nataka kazi hii. Kuna mambo manne kwenye mkataba ambayo sitaweza kuyasaini yalivyo." Mtajie mkia, maili, saa ya mafaili na idadi ya wagonjwa, kisha nyamaza. Ukimya ule utakuwa mrefu kuliko unavyoupenda, usiujaze wewe. Akikubali mkia, maili na saa ya mafaili, saini hata kwa 108,000 ile ile, ukiwa na tarehe ya kupitia mshahara iliyoandikwa, miezi kumi na mbili. Wodini usiage kabisa. Omba ubaki kwenye orodha ya wanaoitwa, zamu moja kwa mwezi, mpaka uone mambo. Akikataa yote manne, umeshajua wagonjwa wake 22 wanaonwa na watu wa namna gani, na hizo simu za kliniki za vijijini uwe umeshaanza kuzipiga tangu Jumapili jioni.

Kuhusu mama, mwambie namba, si jina la cheo. Mwambie mshahara mpya unazidi wa zamani kwa dola 350 kwa mwezi kabla ya kodi, na shule inataka 670. Watu wa nyumbani wanajua hesabu ya mkopo kuliko tunavyodhani. Mama yangu mimi nilipomweleza hivyo aliniuliza riba ni ngapi, kisha akasema bati zingoje.